Zamu Niliyoifunga Saa Mbili na Dakika Kumi

Mimi si mtu wa kubahatisha. Nalisema hili mwanzo kabisa ili msomaji ajue anayemsimulia ni mtu wa namna gani. Nina stashahada ya majokofu na viyoyozi, niliyoisomea Dar es Salaam miaka mitatu nikilala chumba kimoja na watu watano, na imetundikwa ukutani juu ya meza yangu kule Ghala, mtaa wa karakana mjini Maskati, mahali ambapo kila mteja anayeingia huiona kabla hajaniona mimi. Babu yangu alizaliwa Oman akafia Unguja. Mimi nilizaliwa Unguja nikarudi Oman nina miaka ishirini na sita, na Kiarabu changu kilikuwa cha chuoni tu: sura nazijua, kuuliza njia siwezi. Waliorudi zamani walipokewa na ndugu zao waliokwishakalia viti wizarani. Mimi nilipokewa na jua. Leo karakana yangu ina mafundi tisa, nyumba ya Al Amerat nimeijenga mwenyewe, na hakuna mtu Maskati anayeweza kusema alinishika mkono.

Nilifika hapo kwa nusu saa. Naeleza. Ufundi wa baridi una kitendo kimoja kinachomtenga fundi na mbabaishaji. Ukishaziba mahali palipokuwa pakivuja, huingizi gesi papo hapo. Unafunga pampu, unavuta hewa yote iliyomo ndani ya mabomba, kisha unazima pampu, unakaa, unaitazama geji nusu saa nzima. Mshale ukitulia, kazi imekubali. Ukisogea, kuna tundu jingine hujaliona. Wababaishaji hawakai. Wanajaza gesi, wanaondoka, na baada ya mwezi mteja analia na joto. Mimi nilikaa. Wateja walinung'unika kwamba mtu huyu anakuja kukaa tu, lakini hawakuniita mara ya pili kwa tatizo lilelile, na jina langu likaenea kutoka Ghala hadi Bawshar bila tangazo hata moja.

Kriketi nilijifunza hapohapo Ghala, kwa mwajiri wangu wa kwanza, ambaye mafundi wake wote walikuwa Wapakistani na Wahindi. Ijumaa asubuhi walikuwa wakicheza kwenye kiwanja cha changarawe nyuma ya maghala, nami nilikuwa sina wa kumtembelea. Wiki ya kwanza niliokota mipira. Wiki ya pili waliniachia nipige, wakitaraji kucheka. Nilisimama saa nzima bila kutolewa. Mikimbio sikupata zaidi ya sita, lakini hawakunitoa, na yule mrushaji wao aliyekuwa akijisifu mno aliishia kuutupa mpira chini akaenda kunywa maji.

Jamaa zangu wa Bawshar waliposikia walisikitika. Kwao ule ni mchezo wa vibarua. Mke wangu mpaka leo akiniona navaa nguo nyeupe alfajiri huuliza, "Unakwenda tena kulinda vijiti?"

"Vitatu," namjibu. "Na vikianguka, aibu ni yako pia."

Kriketi inayopendwa siku hizi ni ile ya saa tatu, ya kupigapiga mpira mpaka watazamaji wachoke kushangilia. Testi ni kitu kingine. Testi huchukua siku tano. Kila upande unapiga zamu mbili, na ili ushinde haitoshi kuwa na mikimbio mingi. Lazima uwatoe wapigaji wa upande wa pili, kwa kuangusha vijiti vyao au kudaka mpira walioupiga, zamu zote mbili, kabla muda haujaisha. Muda ukiisha hujawamaliza, ni sare, hata kama umewazidi mara tatu. Kwa hiyo nahodha anayeona mikimbio yake inatosha anaweza kuifunga zamu yake mwenyewe na kuwaita wapigaji wake watoke, ili apate nafasi ya kuwatoa wenzake. Akifunga mapema mno, wanampita. Akichelewa, muda unamwishia mkononi. Juu ya jambo hili nimewaona watu wazima wenye wajukuu wakinuniana.

Sisi Ghala tuna testi yetu. Haina siku tano, ina Ijumaa mbili za mwezi wa Novemba, karakana za baridi na umeme dhidi ya maduka ya matairi. Tunaanza saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na saa nne na nusu tunasimama, kwa sababu watu lazima wakaoge waende msikitini. Katika miaka yote niliyocheza pale sijamsikia mtu akiomba dakika ya nyongeza.

Novemba iliyopita ilikuwa na uzito wake. Juu kule Al Amerat, upande wa pili wa milima, kuna uwanja wa nyasi. Kila asubuhi, kabla sijapanda kilima kwenda kazini, naupita. Nyasi za kweli, zinazomwagiliwa maji, kijani mpaka macho yanauma ukitoka kutazama milima. Mimi miaka ishirini na moja nimecheza juu ya changarawe, na katikati zulia la makumbi lililopigiliwa misumari, mpira ukikosa zulia unaruka kama panzi. Waandaaji wa ligi ndogo ya uwanja ule walikuwa wameweka nafasi moja tu kwa timu za Ghala, na watu wa matairi ndio waliokuwa nayo. Sharti lilikuwa wazi. Ukiitaka, uwashinde katika testi ya Novemba. Sare, inabaki kwao.

Nilikuwa na miaka arobaini na minane na goti la kushoto lilikuwa limeshaanza kunidai heshima yake. Nilijua nisipozikanyaga nyasi zile mwaka ule nikiwa mchezaji, nitazitazama kupitia kioo cha gari mpaka nizeeke. Nikaazimia kuzikanyaga.

Mimi ndiye nahodha, na nahodha mwenye stashahada hafanyi kazi kwa kukisia. Nilichora jedwali. Mirusho sita huitwa ova. Nilikadiria ova kumi na nne kwa saa, kwa hiyo hamsini na sita kila Ijumaa, na nikaandika kwa kalamu nyekundu kwamba Ijumaa ya pili tutafunga zamu saa tatu kamili. Jedwali nikalibandika chini ya cheti changu.

Ijumaa ya kwanza tulipiga sisi tukapata mikimbio mia na ishirini na nne. Wao wakapata mia na moja. Tulikuwa mbele kwa ishirini na tatu, watu wakanipongeza, lakini mimi nilikuwa nikihesabu. Ova zilizorushwa zilikuwa arobaini na sita. Kumi zilikuwa zimepotea, na nilijua zilipopotelea. Upande wa mashariki wa kiwanja kuna ukuta, na nyuma ya ukuta kuna uwanja wa vyuma chakavu. Siku za kazi lango lake liko wazi. Ijumaa limefungwa, na mlinzi hulala ndani ya kontena. Mpira ukivuka ukuta, lazima mtu akagonge, mlinzi avae, atafute ufunguo, kisha mpira utafutwe katikati ya milango ya magari yaliyokufa. Dakika nane kila mara. Miaka ishirini na moja nimecheza pale siku ya Ijumaa, na jedwali langu nililichora siku ya Jumatano, nimesimama pale kiwanjani, lango liko wazi mbele ya macho yangu. Kosa lile lilinikera kuliko kama ningetolewa kwa mpira wa kwanza.

Alhamisi alasiri, siku moja kabla ya Ijumaa ya pili, nilikwenda Bawshar kwa shangazi yangu pamoja na mrushaji wangu mkubwa. Huyu alikuwa Mkenya, mrefu, msimamizi wa walinzi katika duka moja kubwa la hukohuko Bawshar. Kriketi aliisoma shuleni Nairobi. Si mtu wa karakana, lakini kila timu inaruhusiwa mgeni mmoja, na mgeni wangu anarusha mpira ambao usipoukwepa unakuachia alama. Shangazi ana miaka sabini na kitu. Marehemu mumewe alikuwa mwalimu Unguja na alicheza kriketi na Wahindi wa mjini, naye shangazi alikuwa akimwandikia mikimbio kwenye daftari. Sasa wenzake wanaangalia tamthilia, yeye anaangalia testi, siku zote tano, ndani ya baridi ya kiyoyozi ninachokihudumia mimi na ambacho hakijazimika hata siku moja.

Ilikuwa siku ya nne ya testi fulani. Wapigaji walikuwa wakizuia mpira mmoja baada ya mwingine, tuk, tuk, mpira unafia miguuni mwao.

"Sasa hawa wanaogopa nini?" Mkenya aliuliza. "Wako na wiketi nane mkononi, watu wanane hawajatolewa, na wanazuia tu. Hii si mechi, hii ni mkutano wa kamati."

"Wanazuia kwa sababu wana akili," shangazi alisema. "Mpira mbaya utakuja. Aliyesubiri ndiye atakayeupiga."

"Na usipokuja, mama?"

"Utakuja. Mrushaji naye binaadamu, anachoka. Wewe hukuchoka Ijumaa iliyopita? Nimesikia ulikaa chini."

"Nilikuwa nafunga kiatu."

"Ova nzima?"

Mkenya alicheka akaongeza maziwa kwenye chai yake. Nikaliweka jedwali langu mezani, kati ya dele la kahawa na sahani ya halwa, nikawaeleza hesabu ilivyokaa na nilivyokosea. Shangazi alivaa miwani, akalipitia lote kwa kidole.

"Saa tatu ni mapema," alisema. "Piga mpaka saa tatu na robo. Upate mia na khamsini, na ishirini na tatu zako za mwanzo, hawakupati tena. Khalas."

"Na sisi tutawatoa watu kumi kwa saa moja na robo?" Mkenya alisema. "Na lango limefungwa? Mama, hiyo ni sare umeandika na ukapiga muhuri. Afunge saa mbili."

"Saa mbili watakuwa na mikimbio mia tu ya kutafuta. Mia hata mimi nnazipata, na nyonga hii."

"Ndio vizuri. Wakiona ni kidogo watazitafuta. Mtu akitafuta anakosea. Mtu akizuia kama hawa wako wa kwenye TV, utamtoa na nini? Na winchi?"

"Sare si aibu, mwanangu."

"Kwa huyu ni kama kushindwa. Nyasi zinabaki kwa watu wa tairi."

Shangazi alivua miwani akanigeukia. "Yaani umekusudia kushindwa kwa ajili ya majani?"

"Nimekusudia kushinda, shangazi."

"Waliokusudia kushinda ndio hao nnaowaona wakishindwa hapa kila wiki." Alielekeza rimoti kwenye televisheni. "Mume wangu alikuwa akisema, na mimi nnakwambia wewe, kwanza hakikisha hupigwi. Ushindi ukitaka kuja utaiona njia."

"Mtu hapigwi na hashindi," Mkenya alisema, "sasa ameenda uwanjani kufanya nini? Si angebaki kwa nyumba akunywe chai?"

"Na wewe uliyeshika chai yangu kikombe cha tatu umekuja kufanya nini?"

Waliendelea hivyo mpaka mchezo wa siku ile ulipokwisha. Mimi nililikunja jedwali nikalitia mfukoni. Watu wote waliojua namna ninavyopiga waliamini nitafuata maneno ya shangazi, na kusema kweli mwenyewe niliamini hivyo mpaka nilipokuwa barabarani kuelekea Al Amerat, nikikipanda kilima nyuma ya malori. Nikajiuliza ile nusu saa yangu mbele ya geji ni ya nini. Sikai pale kwa sababu naogopa kuingiza gesi. Nakaa kwa sababu kuna kitu sikijui na geji itaniambia. Sasa hapa ni kitu gani nisichokijua? Ova zinapotea, nimeziona. Watu wa matairi wanaridhika na sare, wamesema wenyewe. Kuendelea kupiga hadi saa tatu na robo ingekuwa kukaa mbele ya geji iliyokwisha kunijibu, ili mteja anione nina bidii.

Kuhusu lango nilikuwa nimeshachukua hatua asubuhi ileile ya Alhamisi, ingawa sikuwaambia wala sikuiingiza kwenye hesabu, kwa sababu mlinzi anaweza kulala. Nilikwenda mwenyewe na kisanduku changu, nikamtengenezea yule mlinzi kiyoyozi cha kontena lake kilichokuwa kikipuliza joto tangu Juni. Nilivuta hewa, nikakaa nusu saa, nikajaza gesi. Yeye akakubali kukaa langoni Ijumaa asubuhi na ufunguo mkononi, lango likiwa wazi.

Ijumaa ya pili tulianza kupiga kukiwa bado na umande juu ya zulia. Niliingia mapema na nikatulia. Saa mbili na dakika kumi tulikuwa na mikimbio tisini na sita, watano wametoka, na mimi nilikuwa bado nimo, nina arobaini na moja. Katika testi ile sijawahi kufika hamsini. Nimewahi kufika arobaini na saba na arobaini na tisa, na kila mwenye karakana Ghala anaijua hadithi ya ile arobaini na tisa kwa sababu nimemsimulia. Mpira ulikuwa mkubwa machoni mwangu kama nazi. Nikaitazama saa, nikavua glavu, nikaanza kutoka.

Fundi umeme niliyekuwa nikipiga naye alinikimbilia. "Umeumia?"

"Nimefunga."

"Umefunga nini?"

"Zamu. Toka."

Nahodha wa matairi, Mpakistani mwenye duka la kona ya pili kutoka kwangu, mtu mpole mwenye ndevu nyekundu za hina, alinijia akizungumza kile Kiarabu cha sokoni tunachoelewana nacho sote. "Ndugu yangu, bado tisa upate hamsini."

"Najua hesabu."

"Unatupa mia na ishirini, na zaidi ya saa mbili. Una homa?"

"Njoo uzichukue," nilimwambia.

Nami sikumwambia kwa ukali, kwa sababu namheshimu, lakini nilitaka azitake. Akazitaka. Niliona wanavyovaa haraka pedi za kukinga miguu, wakicheka, na nikajua Mkenya alisema kweli kuhusu mtu anayetafuta.

Ova ya kwanza Mkenya alimtoa mpigaji wao wa kwanza, kijiti cha kati kikalala chali. Baada ya hapo hali iligeuka. Wawili wao walianza kupiga kweli, na mimi nilikuwa nimewaweka watu wangu wote karibu, duara limemzunguka mpigaji, ili mpira ukimponyoka kwenye gongo lake la kupigia kuwe na mkono. Faida ya duara ni hiyo. Hasara yake ni kwamba mpira ukilivuka hakuna mtu nyuma, unakwenda mpaka ukutani, na ukifika ukutani ni mikimbio minne. Ulifika mara nyingi. Mara tatu uliuvuka ukuta wenyewe, na mara tatu mlinzi aliurudisha kabla hatujafuta jasho. Saa tatu na dakika ishirini walikuwa na sabini na moja, wametoka wawili tu. Mkenya alikuwa amepigwa mara tatu hadi ukutani katika ova moja. Alinijia mikono kiunoni.

"Bosi, peleka watu nyuma. Hawa wananiua."

"Jana kwa shangazi ulisema nini?"

"Jana nilikuwa nimekaa kwa kiti."

"Nikiwapeleka nyuma watazuia mpaka saa nne na nusu, watakwenda zao na nyasi. Watu wanabaki."

"Hata wawili tu. Huyu mmoja wa ukutani, na yule."

"Hata nusu mtu. Rusha."

"Sawa. Lakini nikipigwa tena usiniangalie vile."

"Nitakuangalia vilevile."

Alirudi mwanzo wa mbio zake akizungumza peke yake Kikikuyu. Mafundi wangu nao walikuwa wakinung'unika, mmoja akasema kwa sauti ya kusikika kwamba nahodha amelewa nyasi. Nikasogea mwenyewe, nikasimama hatua nne kutoka kwa mpigaji, mahali ambapo ukichelewa kuona mpira unaona meno yako. Mpira wa pili wa ova yake mpya uligusa ukingo wa gongo ukaja chini, upande wa goti bovu. Niliudaka. Nasema niliudaka, kwa mkono wa kushoto, nimelala changarawe, na alama iko kwenye kiwiko kwa anayetaka kuiona.

Kuanzia hapo wakaanza kuanguka. Mmoja aliona duara limemjaa machoni akapiga hewani. Mwingine akaogopa kupiga kabisa, mpira ukamponyoka ukaenda kwa fundi umeme. Mkenya alisahau kama ana miguu inayouma. Kutoka sabini na moja kwa wawili walifika tisini na nane kwa saba, na saa nne na robo walikuwa mia na kumi kwa wanane. Hakuna aliyenung'unika tena. Watu wa matairi waliokaa pembeni walikuwa wamesimama, na nahodha wao, ambaye ndiye alikuwa akipiga, alianza kuzuia kila mpira kama wale wa kwenye televisheni ya shangazi. Alizuia kumi na moja. Wa kumi na mbili Mkenya akaurusha polepole, hila aliyokuwa hajaitumia asubuhi nzima, na kijiti kikaanguka kabla gongo halijashuka.

Saa nne na dakika ishirini na saba ilianza ova ya mwisho. Walikuwa na mia na kumi na sita, wametoka tisa. Mikimbio minne wao wanapita. Mtu mmoja sisi tunashinda. Ova ikipita kimya, sare. Mpigaji wao wa mwisho alikuwa fundi wa kupanga magurudumu, mtu mnene asiyejua kupiga, anayechezeshwa kwa sababu gari lake ndilo linalobeba zulia.

Mkenya aliniangalia, kisha akaangalia ukutani. Nilielewa. Nikatikisa kichwa, watu wakabaki, tisa tumemzunguka yule bwana mpaka nilisikia anavyopumua.

Mpira wa kwanza alikosa. Wa pili alikosa, ukapita juu ya vijiti kwa unene wa kidole. Wa tatu alifumba macho, nilimwona akifumba, akazungusha gongo kama anayekung'uta zulia vumbi. Mpira ulipaa juu ya vichwa vyetu, ukaenda juu sana, ukaning'inia, ukashuka taratibu upande wa ukutani ambako hapakuwa na mtu. Ulidunda mara mbili, ukagusa ukuta. Pale ulipodunda mara ya kwanza, mdakaji angeweza kusimama bila kusogea hata hatua.

Walishinda wakiwa wamebakiwa na mtu mmoja tu. Tukapeana mikono, tukang'oa misumari, tukakunja zulia, watu wakaenda kuoga.

Baada ya sala nilikwenda kula kwa shangazi, kwa sababu nisingekwenda angesema nimejificha. Alinipakulia wali na nguru, akakaa.

"Ukutani ulikuwa na mtu?"

"Sikuwa naye."

"Ungekuwa naye?"

"Angedaka, shangazi. Na ningekuwa naye tangu saa tatu, wale saba wasingetoka, tungefika saa nne na nusu na sare yetu mkononi."

Alifikiri akitoa miba. "Ungekuja na sare ungekula hapa unalalamika," alisema. "Leo unakula. Ongeza mchuzi."

Wiki iliyofuata nahodha wa matairi aliingia karakana. Alisimama mbele ya stashahada yangu muda mrefu kuliko inavyohitajika. Nilidhani amekuja kunialika mimi, nakiri, na nilikuwa nimeshaandaa jibu la heshima.

"Kule kwenye nyasi," alisema, "tunahitaji mrushaji. Yule rafiki yako Mkenya. Anasema hatakuja mpaka wewe useme."

Nikampigia simu Mkenya palepale, mbele yake.

"Siendi, bosi," alisema. "Nitakuwa msaliti."

"Msaliti wa nini? Mpira wako unapotea bure kwenye zulia. Nenda."

"Na wewe?"

"Mimi nina timu. Novemba nitakuja kukutoa."

Januari nilikwenda kumtazama. Uwanja ni dakika tano kutoka mlangoni kwangu. Alirusha vizuri, mpira ukiruka juu ya zile nyasi kwa namna ambayo kwetu hauruki, na wapigaji walikuwa wakimwogopa. Wakati wa mapumziko watoto na wake wa wachezaji waliingia uwanjani kupunga upepo, wengine wamevua viatu. Mkenya alinijia na vikombe viwili vya chai, akasimama upande wa pili wa kamba inayozunguka uwanja.

"Ingia basi, mzee. Ni nyasi tu. Kila mtu ameingia."

"Nitaingia nikiwa na pedi miguuni."

"Hata mguu mmoja?"

"Hata mguu mmoja."

Alinipa kikombe juu ya kamba. Nilikunywa nimesimama kwenye saruji, nikamuuliza kwa nini nahodha wake amewapeleka watu wanne nyuma wakati mpigaji ana hofu machoni. Akasema nahodha anataka kuhakikisha kwanza hawapigwi. Nikamwambia aende akamwambie awalete mbele, na aende sasa hivi, kabla mapumziko hayajaisha.